Semeni mapema: barua kwa vijana wa zamu za usiku

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na ni bora mlijue hilo tangu mstari wa kwanza. Nimefanya kazi katika kampuni za teknolojia kwa miaka 26. Nimeona mifumo ikianguka, miradi ya miaka mitatu ikifutwa kwa barua pepe moja, watu wakiondoka na viti vyao havijapoa vimeshakaliwa na wengine. Yote hayo nililala nayo. Nilichokiona wiki mbili zilizopita kimeninyima usingizi.

Kijana mmoja wetu alikuwa peke yake zamu ya usiku. Saa nane na dakika kumi alikuwa amefungua madirisha mawili kwenye skrini: moja la mfumo wa majaribio, jingine la mfumo wanaoutumia wateja. Yote mawili meusi, maandishi meupe, yamekaa ubavu kwa ubavu kama mapacha. Akaandika amri ya kufuta jedwali la malipo, akabonyeza, na kabla kidole hakijainuka akajua kuwa alikuwa kwenye dirisha la wateja.

Hapo bado hakukuwa na msiba. Tulikuwa na nakala ya akiba ya saa sita usiku, nzima, haijaguswa. Angepiga simu dakika ile tungeusimamisha mfumo, tungeirudisha ile nakala, na asubuhi tungewaomba radhi wateja wachache. Hakupiga. Alihangaika peke yake karibu saa tano. Katika kuhangaika akarudisha nakala ya wiki iliyotangulia, kisha mfumo, ukifuata ratiba yake, ukachukua nakala mpya ya uharibifu ule ule na kuiandika juu ya ile nzima. Saa moja asubuhi simu za wateja zilipoanza kulia, malipo ya siku saba hayakuwepo tena popote.

Kosa lilichukua sekunde moja. Kulificha ndiko kulikotumaliza.

Lakini hasira yangu haikuanzia hapo. Ilianzia saa nne asubuhi kwenye kikao, pale meneja alipomsimamisha yule kijana mbele ya watu zaidi ya 30 na kumuuliza amesomea chuo gani. Macho mekundu, shati la jana, mikono haijui pa kushika. Wenzake, nyinyi mnaosoma barua hii, mliinamia kibodi zenu. Mmoja alicheka kwa sauti ya chini. Nami pia nilichelewa kusema. Nilikaa kimya dakika mbili au tatu kabla ya kunyanyua mkono, na dakika hizo zinaniuma mpaka leo.

Baadaye nilimuita pembeni. Nilimuuliza kwa nini hakunipigia, na namba yangu imeandikwa juu kabisa ya orodha ya zamu. Akaniambia, "Mama, nilijua nikipiga tu, nimekwisha."

Jibu hilo limekaa nami. Kijana ana akili, ana bidii, anaujua mfumo kuliko mameneja wengi, na usiku wa manane aliona ni afadhali kupoteza data ya wateja kuliko kumwamsha mtu mzima na kumwambia neno moja: nimekosea. Nani alimfundisha hivyo? Hakuzaliwa nalo. Alijifunza kwetu, kikao baada ya kikao, kwa kutazama yanayowapata wanaosema.

Mimi nilifundishwa tofauti, na ilikuwa bahati tu. Nikiwa na miaka 24 nilifuta faili la ankara za mwezi mzima. Nilitetemeka hata nikashindwa kubonyeza namba za simu, nikamwomba mlinzi wa usiku anibonyezee. Bosi wangu alipopokea nilimwambia kila kitu kwa pumzi moja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Usiguse kitu kingine. Nakuja." Alifika na kandambili miguuni, akavuta kiti, akakaa pembeni yangu mpaka kukakucha. Hakuniuliza chuo. Aliniuliza amri gani niliiandika na saa ngapi. Kila nilipopata cheo baada ya hapo nilijiambia kwamba nina deni la kandambili zile.

Sasa niwaambie jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni lugha yenu. Nikisoma taarifa za hitilafu mnazoandika nakuta: "jedwali limefutika", "mpangilio umebadilika", "huduma ilizimika". Kiswahili chetu kimetupa kile kiambishi cha -ika, kizuri kwa kioo kilichovunjika kwa upepo, na nyinyi mmekifanya kichaka cha kujificha. Jedwali halijifuti. Kuna mtu alilifuta, kwa amri fulani, saa fulani, kutoka kompyuta fulani. Mnapoandika "limefutika" mnamnyima mwenzenu anayekuja kuokoa ile habari moja anayoihitaji: aanzie wapi kutafuta. Anapoteza nusu saa akidhani diski imekufa au mtu wa nje ameingia, kumbe ni amri ya herufi kumi iliyo kwenye kumbukumbu ya dirisha lako.

Andikeni: nimefuta. Ujumbe wa kwanza uwe na mambo matatu, hata kama tahajia imevurugika: nimefanya nini, saa ngapi, na nimegusa nini tangu hapo. Hilo la tatu ndilo mnalolisahau, nalo ndilo linaloua, kwa sababu uharibifu mkubwa huja katika majaribio ya kurekebisha kimyakimya. Msianze na "samahani sana", radhi zina wakati wake. Msiseme "kuna tatizo dogo". Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye kazi yetu kifo chenyewe hakichelewi.

Wala msidhani haya huwapata wazembe tu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia watu msimbo wa programu zao, alikuwa akipambana usiku na seva mbili, yaani kompyuta za kuhifadhia data, zilizogoma kunakiliana data. Akafuta folda kwenye seva isiyostahili. Alishtuka karibu papo hapo akaisimamisha amri, lakini kati ya takriban gigabaiti 300 za data zilikuwa zimebaki gigabaiti 4.5. Walipokimbilia nakala za akiba wakakuta njia zao za kuhifadhi, moja baada ya nyingine, hazikuwa zikifanya kazi kama walivyodhani. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya hapo. Na walifanya nini? Walifungua maandishi yao ya kazi dunia nzima iyasome, wakarusha mbashara kwenye YouTube jinsi walivyokuwa wakirudisha data. Katika taarifa yao ya mwisho hawakumtaja mhandisi kwa jina. Waliandika urefu wa kurasa juu ya nakala za akiba ambazo hakuna aliyekuwa akizijaribu. Mpaka leo wahandisi wa kampuni nyingine wanaisoma taarifa ile na kwenda kukagua nakala zao.

Kuna na hili la Margaret Hamilton, aliyeongoza uandishi wa programu za kompyuta za Apollo, vyombo vya Marekani vya safari za mwezini. Binti yake mdogo alikuwa akicheza na kifaa cha kuigiza safari, akabonyeza vitufe na kuita programu ya maandalizi ya kabla ya kuruka ilhali chombo "kiko angani". Mfumo ukaanguka. Hamilton akaomba aongeze kinga. NASA, shirika la anga la Marekani, wakakataa: wanaanga wamefunzwa, hawawezi kufanya kosa hilo. Desemba 1968, Apollo 8 ikirudi kutoka mwezini, mwanaanga Jim Lovell akaita programu ile ile, na data ya mahali chombo kilipo ikapotea. Lovell huyo alikuwa miongoni mwa marubani waliofunzwa kuliko wote duniani. Kama yeye aliweza, kijana mwenye usingizi saa nane usiku ni nani?

Hapa niwageukie mameneja, maana najua barua hii itawafikia. Tarehe 28 Februari 2017 mfanyakazi wa Amazon aliandika amri akakosea kipengele kimoja, na sehemu kubwa ya S3, hifadhi yao ya data mtandaoni, upande wa mashariki mwa Marekani ikasimama kwa saa kadhaa, pamoja na tovuti nyingi zilizoitegemea. Taarifa waliyoitoa iliuliza kwa nini programu ya kutolea amri ilimruhusu mtu kuondoa seva nyingi hivyo kwa mkupuo. Wakairekebisha programu hiyo iondoe seva polepole na ikatae kushuka chini ya kiwango cha usalama. Nanyi fanyeni hivyo. Mkimfukuza aliyekosea mmemfukuza mtu pekee kazini ambaye hatairudia amri ile maisha yake yote, na mmewaacha wengine 30 na dirisha lile lile jeusi. Kosa moja haliachi mke. Anayeficha, baada ya kuelezwa na kuhakikishiwa, huyo ni mazungumzo mengine. Lakini kwanza jiulizeni ni mara ngapi mtu alisema ukweli mbele yenu akatoka salama.

Na jamii nayo imekosea. Tumewafundisha watu kwamba kompyuta haikosei, kwa hiyo ikionekana kuna kosa, mwanadamu ndiye mwizi. Tazameni yaliyotokea Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 ofisi za posta ziliwekewa mfumo wa hesabu uitwao Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambazo hakuna aliyezichukua. Wasimamizi wa ofisi ndogo za posta, watu wa makamo, wengine walioheshimika mtaani kwao miaka na miaka, walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Sheria nayo ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wapo waliofungwa, wapo waliouza nyumba kulipa deni ambalo halikuwepo, wapo waliojiua. Mahakama Kuu ilikubali mwaka 2019 kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzua upungufu huo, na Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo mwaka 2024. Miaka 25.

Ndani ya miaka hiyo kulikuwa na watu wa kazi yetu waliojua kwamba mfumo una kasoro. Walizirekodi, walizipa namba, walizifunga, wakarudi nyumbani. Sisemi wote walikuwa waovu. Nadhani wengi walikuwa kama yule kijana wetu: waliona nikisema, nimekwisha. Ndiyo maana silichukulii jambo hili kuwa adabu ya ofisini tu. Kuna mtu mwisho wa waya, hamjamwona na hamtamwona, ambaye ukimya wenu unamwandikia hukumu.

Nimesema sana juu ya hilo. Mengine nitayapitia mbio, na msidhani ni madogo. Laleni, baada ya zamu ya usiku kataeni kikao cha asubuhi, na asiyewaelewa nileteeni mimi. Zimeni arifa mkiwa likizo. Jaribuni kurudisha nakala za akiba kila mwezi, maana nakala isiyowahi kurudishwa ni matumaini tu. Msimbo wa programu mlioandikiwa na akili mnemba usomeni mstari kwa mstari kabla ya kuuingiza. Nywila moja kwa mlango mmoja. Simameni kila baada ya saa, mgongo haubadilishwi kama kibodi. Jifunzeni kuandika aya iliyonyooka. Someni mkataba kabla ya kutia sahihi, hasa kipengele cha saa za kazi. Wajueni kwa majina wanaofagia sakafu mnayokesha juu yake. Na anapokosea mwenzenu, msicheke.

Wewe uliyecheka kwenye kile kikao, sitakutaja. Ila nenda kwake umwambie. Unamjua alipo.

Na wewe mwanangu wa zamu ile: wiki jana tulikaa wawili tukaandika taarifa upya. Mstari wake wa kwanza unasema "nilifuta", na ni wewe uliyeuandika kwa mkono wako, ukafuta mara mbili, ukauandika tena. Jumanne tumebadilisha dirisha la mfumo wa wateja. Sasa lina wekundu pande zote, na amri ya kufuta haikubaliwi mpaka uandike jina la jedwali kwa ukamilifu wake. Rangi uliichagua mwenyewe. Zamu yako ya usiku inayofuata ni Alhamisi. Namba yangu iko pale pale, juu kabisa ya orodha, na simu nimeipandisha sauti.

Mama yenu wa kazini