Dereva akisema "sawa", hati haihitajiki

Ndugu Mhariri,

Wasomaji wenu wanaoendesha magari Marekani wana imani moja inayowaponza: kwamba polisi asiye na hati ya mahakama hawezi kupekua gari. Anaweza. Katika kesi ya Carroll ya 1925, Mahakama ya Juu iliruhusu gari lipekuliwe bila hati endapo askari ana sababu za kutosha kuamini kuwa mna kitu haramu ndani. Gari lina magurudumu. Hadi hakimu atie saini, limeshavuka mpaka wa jimbo.

Ila madereva wengi hujiponza kwa ridhaa. Askari ameshaandika faini ya mwendo kasi, anainama dirishani na kuuliza kwa upole: "Nikiangalia ndani hakuna tatizo, sivyo?" Hilo ni ombi, si amri. Dereva aliyechoka anaitikia "sawa", na imetosha. Tangu kesi ya Schneckloth ya 1973, askari halazimiki kumweleza kwamba angeweza kukataa. Na kwa kesi ya Jimeno ya 1991, aliyeruhusu gari litafutwe dawa za kulevya, bila kuweka mpaka, ameruhusu pia mfuko wa karatasi uliokunjwa sakafuni.

Anayekataa aseme wazi, kwa sauti ya kawaida: "Sikubali upekuzi." Kukataa peke yake hakumpi askari sababu ya kumshuku. Akipekua hata hivyo, asizuiwe kwa mkono. Pingamizi lina nafasi mahakamani, ambako ushahidi uliopatikana isivyo halali huweza kutupwa. Akiamuru dereva ashuke, ashuke. Amri hiyo ni halali tangu 1977, lakini kushuka si kuruhusu upekuzi.

Muda nao una uzito. Kesi ya Rodriguez ya 2015 ilihusu dakika saba au nane tu: onyo limeshaandikwa, dereva akazuiwa ili mbwa wa kunusa azungushwe. Mahakama ilikataa, kwa kuwa kumchelewesha namna hiyo kunahitaji shaka yenye msingi. Kwa hiyo, karatasi zikisharudishwa, swali la kuuliza ni: "Naruhusiwa kuondoka?"

Majimbo mengine hulinda zaidi. New Jersey, tangu 2002, askari asiye na shaka yenye msingi hatakiwi hata kuomba ridhaa ya dereva aliyesimamishwa barabarani.

Simu ina kinga yake. Tangu 2014, hata dereva akikamatwa, kwa kawaida polisi huhitaji hati ndipo wasome yaliyomo, isipokuwa mwenyewe akiifungua na kuwakabidhi.