Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwalimu Wetu Amestaafu, Kliniki ya Wazee Inabaki

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida ya chama chetu cha wafamasia niyamalize mapema. Ada zinalipwa kwa kusuasua kama kawaida yetu, na hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe. Siku ya Wafamasia Duniani, Septemba 25, tuliiadhimisha sokoni kwa kupima presha na sukari, na vipimo vya sukari vikatuishia kabla ya saa sita mchana. Sehemu kubwa ya taarifa hii nataka imhusu mtu mmoja, maana mwaka huu ametimiza miaka 60 na amestaafu kwa mujibu wa sheria. Ameniomba nisimtaje jina. Nitamwita Mwalimu; wengi wenu mmepita mikononi mwake, mtamjua tu.

Alianzia dirishani kama sisi sote: cheti kinaingia, dawa inatoka. Baadaye alikwenda Muhimbili kusoma shahada ya uzamili ya famasia ya hospitali na kliniki, akarudi na tabia iliyowakera baadhi ya madaktari wa wakati ule. Kila asubuhi alipanda wodini, akasimama kwenye raundi na kufungua faili. Aliulizwa sana amefuata nini. Siku hizi raundi ikianza bila mfamasia, daktari bingwa ndiye anayeuliza yuko wapi. Hakuna waraka ulioleta mabadiliko hayo. Alikuwa akiulizwa swali la dozi anajibu, na asipojua anasema atarudi na jibu saa nane, na saa nane anarudi.

Wazee aliwachagua wakati wenzake walikuwa wanakimbilia UKIMWI na malaria, kulikokuwa na miradi. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Mtu wa miaka 75 mwenye presha, kisukari na magoti yanayouma huhudhuria kliniki zaidi ya moja. Kila kliniki inamwongezea dawa, hakuna inayompunguzia. Mfano wake darasani ulikuwa ule ule miaka yote: mzee anaanzishiwa amlodipine ya presha, miguu inavimba. Mtu mwingine anaona uvimbe, anaandika furosemide, dawa ya kukojoza. Sasa mzee anaamka usiku kucha kwenda haja ndogo, anateleza gizani, nyonga inavunjika. Kwenye faili inaandikwa kwamba ameanguka. Mnyororo wa namna hiyo Paula Rochon na Jerry Gurwitz waliueleza kwenye jarida la BMJ mwaka 1997, lakini Mwalimu hakuwa akianza na jarida. Alianza na kumuuliza mgonjwa usiku ule alikuwa anakwenda wapi.

Mwaka huu nilikaa naye kwenye kliniki yake ya wazee siku kadhaa ili nione tutakachokirithi. Sharti ni moja, kila mzee aje na dawa zote alizonazo nyumbani. Bibi mmoja alifungua pindo la kanga mezani.

“Shikamoo bibi. Ndizo zote hizi?”

“Marahaba mwanangu. Zote, labda ile ya usingizi.”

Ya usingizi ilikuwa Piriton, dawa ya mzio inayoleta usingizi, imebaki nyumbani. Kwenye kanga kulikuwa na amlodipine mbili, moja ya hospitali na nyingine ya dukani yenye jina la kibiashara, na bibi alikuwa anameza zote mbili kwa sababu rangi zilikuwa tofauti. Kulikuwa na glibenclamide ya kisukari, na kibahasha kilichoandikwa 1×3 ambacho ndani yake kulikuwa na diclofenac ya magoti. Aliletwa kwa kizunguzungu. Mwalimu aliuliza amekula nini tangu asubuhi, akauliza na mitishamba, akampima presha ameketi kisha amesimama, halafu akampigia simu daktari. Bibi aliondoka na dawa pungufu kuliko alizokuja nazo, na hakuna hata moja ya kizunguzungu iliyoongezwa. Mjukuu aliyemleta hakufurahi. Alitaka aone kitu kimeandikwa.

Wanafunzi wa mwaka wa nne alikuwa anawakalisha hapo hapo na kikokotoo. Mama wa miaka 80, kilo 45, kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, 1.1 mg/dL: fomu ya maabara haina alama yoyote, kwa hiyo kijana anasema figo ziko salama. Anaambiwa apige hesabu ya uwezo wa figo kuchuja damu kwa kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, inayoingiza umri na uzito. Inatoka mililita 29 hivi kwa dakika, na huyu mama anameza metformin ya kisukari gramu 2 kwa siku, dawa inayotakiwa kusimama figo zikishuka chini ya 30. Kijana aliyepiga hesabu hiyo kwa mkono wake hasahau.

Orodha ya Beers, ya dawa za kuepukwa kwa wazee, aliifundisha pia, ile aliyoianzisha Dk. Mark Beers huko Marekani mwaka 1991 kwa ajili ya wazee wa kwenye makao ya kulelea, ambayo chama cha madaktari wa wazee cha kule kiliihuisha mara ya mwisho ninayoijua mwaka 2023. Ila alikataza ikaririwe. Ukimfutia mzee glibenclamide kwa sababu orodha imesema, alikuwa akiwaambia, uwe umeshajua duka la karibu naye linauza nini badala yake na kwa bei gani.

Kinachonikera ni vitabu vyetu vya takwimu. Tunahesabu vyeti vilivyohudumiwa na dawa zilizotoka. Dawa iliyositishwa haina safu. Kwa hesabu hizo Mwalimu anaonekana mvivu kuliko aliyekaa dirishani, na ndiyo maana kila tulipoomba mfamasia wa pili wa kliniki ya wazee tuliambiwa takwimu hazioneshi uhitaji. Kamati tendaji imetengeneza daftari lenye safu hiyo. Tutaanza kulitumia mwezi ujao bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Kliniki ya Jumatano itaendelea kwa zamu za kujitolea. Mwalimu amekubali kuja mara moja kwa mwezi kuwasimamia vijana, mradi chama kimlipe nauli, na naomba mkutano upitishe hilo leo. Amenikumbusha pia kwamba sasa naye ana haki ya kuhudumiwa dirisha la wazee, kwa hiyo tusimpange foleni. Wanaotaka zamu waandikishe majina kwa katibu kabla hatujaachana. Jumatano ya kwanza nitakaa mimi.