Usimnyang'anye Mpira

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku wazima. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama wale dagaa wamefika au kondakta wa basi kawala.

Jumapili uliniambia timu yako ya kriketi, ambayo wewe ndiye nahodha, imeshindwa kwa sababu ya yule binti mdogo anayerusha mpira kwa kasi. Ova yake ya kwanza, yaani zamu ya mipira sita, alirusha waidi nne, mipira inayopita mbali na mpigaji, ukampokonya mpira na hukumrudishia tena. Nilinyamaza kwa kuwa salio lilikuwa linaisha. Sikukubali.

Mama, mrusha mpira wa kasi akiingiwa na woga hupunguza mbio zake, akaanza kuusukuma mpira badala ya kuuachia. Utanyooka, ndiyo, lakini kasi uliyomwitia haipo tena. Kulenga kunafundishika mazoezini. Kasi hatuna duka la kuinunua.

Mwaka 1992 Wasim Akram, mrushaji wa kasi wa Pakistan, alikuwa akitoa waidi na nobo (mipira haramu) nyingi kwenye Kombe la Dunia. Nahodha wake, Imran Khan, alimwambia aendelee kurusha kwa kasi, hayo mengine asiyahangaikie. Kwenye fainali kule Melbourne akawatoa wapigaji wa Uingereza, Allan Lamb na Chris Lewis, kwa mipira miwili mfululizo, Pakistan ikachukua kombe.

Ila anayenigusa zaidi ni Bob Willis, mrushaji wa kasi wa Uingereza, kwenye uwanja wa Headingley, 1981. Australia walihitaji mbio 130 tu, yaani alama, ili washinde. Willis alikuwa akirusha kutoka upande wa kupandisha mlima, na nobo zinamsumbua. Akaomba abadilishiwe upande. Nahodha wake, Mike Brearley, akampa upande wa mteremko, tena akamwambia asahau nobo, arushe kwa nguvu na kunyoosha. Akachukua wiketi 8, yaani akawatoa wapigaji wanane, kwa mbio 43, Australia wakaishia 111. Umeona? Brearley hakumpa maneno matamu peke yake, alimpa na mteremko. Wewe ulipowatawanya wadakaji wote mpakani baada ya waidi ya pili, yule binti alikuelewa bila wewe kufungua mdomo.

Mimi hayo nayajua mwilini. Usiku wangu wa kwanza kwenye mtumbwi wa dagaa, kamba ya wavu ilinitatiza. Nahodha akaninyang'anya mbele ya wenzangu wote. Msimu mzima nikawa wa kuchota maji tu, na mpaka leo kuvuta wavu sikujui vizuri. Ndiyo maana unaniona nauza dagaa pale soko la Mwaloni, siwavui.

Jumamosi mpe mpira mpya. Ova tatu, kisha mpumzishe, maana mgongo wake bado mchanga. Weka wadakaji wawili nyuma ya mpigaji, na wewe usimame karibu na anapoanzia mbio ili umsemeshe kila anaporudi. Usimfundishe mkono wala mguu saa hiyo, hiyo ni kazi ya kocha. Muulize tu anataka mdakaji gani asogee wapi.

Akirusha waidi ya tano, nipigie. Salio nitaweka mimi.

Baba yako