Mazoezi ya Jumamosi: nyimbo za henza

Wanakikundi, salaam. Jumamosi tunaimba nyimbo za kazi za mabaharia wa merikebu za Kiingereza, karne ya 19. Tusichanganye aina zake. Wimbo wa henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, kwa kawaida una mivuto miwili kwenye kila kiitikio. Kiongozi akiimba, mikono inapumzika. Wa kung'oa nanga ni wa kutembea mkisukuma mtambo, mwendo mmoja, bila mvuto.

Tatizo letu ni kusubiri kiongozi amalize ndipo tuitikie. Dakieni silabi yake ya mwisho, la sivyo wimbo unalegea. Kiongozi, anza chini kidogo. Ukianza juu, ubeti wa sita besi wote wamekauka. Ngoma ziacheni nyumbani. Nitaleta kamba ya mita 10, tuvute watu sita sita.