Ufunguo Ulio Mkononi mwa Ofisi Moja

Area C, Dodoma
6 Agosti 2023

Mwalimu, rafiki yangu wa siku nyingi,

Mbukwenyi, kama wanavyoamkiana wenyeji wangu wa huku Ugogoni. Barua yako kutoka Kigoma ilinifikia Ijumaa, na nimeisoma mara mbili kwa sababu ya swali uliloliweka mwishoni, kwamba wanafunzi wako wa somo la uraia wanataka kujua kama mambo ya haki yamebadilika tangu serikali hii iingie madarakani, nawe hukujua uwajibu nini. Mimi ni wakili wa mahakama za huku, si msemaji wa mtu yeyote, kwa hiyo nitakueleza ninavyoyaona kutoka kwenye benchi la utetezi.

Mabadiliko yapo, na asiyeyaona hataki kuyaona. Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021, na kabla ya miezi mitatu kwisha tulikuwa na Mkurugenzi wa Mashtaka mpya, yaani mwenye mamlaka ya kufungua na kufuta kesi za jinai, Sylvester Mwakitalu, kwa kuwa Biswalo Mganga aliteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Mwezi Juni masheikh wa Uamsho, kundi la Kiislamu la Zanzibar, waliokaa mahabusu kwa miaka mingi wakikabiliwa na mashtaka ya ugaidi, walifutiwa mashtaka wakarudi kwao Zanzibar. Mwaka 2022 sheria ikarekebishwa ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa.

Hapo kwenye neno "isipokuwa" ndipo penye kazi yangu yote. Utakumbuka nilikuandikia kuhusu kijana wa Kongwa, mnunuzi wa alizeti, aliyekamatwa mwaka 2019. Kosa lake, kama lilikuwapo, lilikuwa la kodi, lakini hati ya mashtaka ilipoletwa ilikuwa imeongezewa shtaka la utakatishaji wa fedha, na shtaka hilo halina dhamana. Siku ya kwanza aliambiwa maneno ambayo kila mtu aliyewahi kukaa mahakamani anayajua kwa moyo: mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote, kwa kuwa mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza shauri la uhujumu uchumi. Baada ya hapo kila siku 14 tulikuwa tukirudi kusikia kwamba upelelezi haujakamilika. Hakimu aliandika, akapanga tarehe nyingine, nasi tukatoka. Mama yake alikuwa akija na basi la asubuhi, anakaa nyuma kabisa na chupa ya uji, na ilinichukua muda mrefu kumfanya aelewe kwamba hakimu aliye mbele yake hakuwa na uwezo wa kumpa mwanawe dhamana hata kama angetaka.

Ilikuwa miezi 22. Kisha, katikati ya mwaka 2021, wakili wa serikali akasimama, akataja kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, akasema Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na shauri hili, na yote yakaisha kwa dakika zisizofika tano. Nilifurahi, siwezi kukuficha. Nilipofika nyumbani ndipo furaha ikaanza kunichachia, maana niliona kwamba ushahidi haukuwahi kupimwa, hakuna jaji aliyesema kijana ana hatia au hana, na kilichomtoa ni hiari ya ofisi ileile iliyokuwa ikimweka ndani.

Ndiyo maana, Mwalimu, sikubaliani na wale wanaosema tatizo lilikuwa la watu fulani na sasa wameondoka. Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, alikamatwa Mwanza Julai 2021, chini ya uongozi huuhuu mpya, akashtakiwa kwa ugaidi, kisha tarehe 4 Machi 2022 akaachiwa kwa njia ileile, kwa Mkurugenzi wa Mashtaka kutokuwa na nia ya kuendelea. Anayetumia ufunguo kwa upole leo bado anao mfukoni. Katiba, katika ibara ya 59B, inamtaka Mkurugenzi azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu na maslahi ya umma, maneno mazuri kabisa, lakini yanasimamiwa na dhamiri yake mwenyewe zaidi kuliko na mtu mwingine. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilijaribu kukifuta kifungu cha 148(5) cha Sheria ileile ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachonyima dhamana, ikisema kinapingana na Katiba. Agosti hiyohiyo Mahakama ya Rufani ikakirudisha, na hakuna Bunge lililokigusa kwa namna ya kuniridhisha tangu hapo.

Ongeza makubaliano ya kukiri kosa, ambapo mshtakiwa hukiri na mara nyingi kulipa fedha ili apate nafuu, yaliyoingizwa katika sheria mwaka 2019. Kwa mtu aliye nje kwa dhamana, hayo ni mapatano. Kwa mtu aliyelala mahabusu mwaka wa pili huku duka lake limefungwa, sijui tuyaite nini, ila nimewaona wakitia saini bila kuuliza ni kiasi gani watalipa.

Wizara ya Katiba na Sheria yenyewe haikupata utulivu. Dkt. Mwigulu Nchemba, Profesa Kabudi, Simbachawene, kisha Dkt. Ndumbaro, wote walikalia kiti cha uwaziri huo katika muda wa takribani mwaka mmoja, na mageuzi ya sheria hayawezi kupikwa kwenye jiko linalobadilishwa mpishi kila kukicha.

Tumaini langu, nalo si kubwa sana, liko Chamwino, penye Ikulu ya Dodoma. Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyozinduliwa tarehe 31 Januari kuangalia taasisi za haki jinai, ilikabidhi ripoti yake Ikulu tarehe 15 mwezi uliopita, nasi mawakili tumeijadili kila tunapokutana kwenye kahawa. Wengi wanazungumzia polisi, na wana haki. Mimi ninangoja kuona kama kuna atakayepeleka bungeni muswada wa kumrudishia hakimu uwezo wa kutoa dhamana, maana hilo halihitaji majengo wala fedha.

Wanafunzi wako waambie hivyo, kwa lugha utakayoona inawafaa. Yule kijana wa alizeti amefungua tena stoo yake. Nilipita kwake juzi nikiwa safarini kwenda Morogoro, akanionyesha nakala ya amri ya mahakama ya kumwachia, ameikunja akaiweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Kifungu cha 91 kinasema kwamba kufutiwa shtaka kwa njia hiyo hakumzuii mtu kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale, na hilo amelisoma mwenyewe.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako wa siku zote.