Wito wa Harambee: Tuuhamishe Mnara wa Redio Yetu Kutoka Ukingoni mwa Nyamwamba

Ndugu wasikilizaji, waumini wa makanisa na misikiti ya bonde letu, wafanyabiashara wa Kasese na Mpondwe, nanyi wana wa nyumbani mnaoishi Kampala na ng'ambo, tunawasalimu kwa heshima.

Tangu mto Nyamwamba uuangushe mnara wetu, redio ya jamii imenyamaza, na kila mvua kubwa inaponyesha kwenye milima ya Rwenzori, vijana wa vijiji vya juu hushuka mbio gizani wakipuliza filimbi na kugonga milango, wakiwaamsha walio chini kabla maji hayajawafikia. Majuzi bibi mmoja mjane alizisikia filimbi hizo akadhani ni za walinzi wa soko, akaendelea kulala. Alipotoka, maji yalikuwa magotini. Mjukuu mmoja alikuwa mgongoni, wawili amewashika mikono. Wote wanne wako hai, Mungu ashukuriwe. Zamani bibi huyo angeambiwa na redio iliyo kando ya kitanda chake, kwa Lukonzo, lugha yetu ya nyumbani, na kwa Kiswahili, kwa maana mtu wa Kilembe, huko juu ya mto, aliyeuona mto ukibadilika rangi angetupigia simu, nasi tungekatiza muziki papo hapo.

Wengi wameuliza mnara wa chuma uliangushwaje na maji. Mnara mwembamba kama wetu hausimami kwa nguvu zake wenyewe, bali hushikiliwa na nyaya za chuma zinazouvuta kutoka pande tatu, kila upande ukiwa umefungwa kwenye zege lililozikwa ardhini. Mto ulikula ukingo hadi zege la upande mmoja likang'oka, na nyaya za pande mbili zilizobaki zikauvuta mnara ukaangukia chumba cha mtambo wa kurushia matangazo. Antena zimepondeka na mtambo umejaa tope. Vimesalimika vifaa vya studio peke yake.

Tunaandika haya kwa aibu. Mafuriko ya Mei 2013 yalikwisha kutuonya, na yale ya Mei 2020, yaliyoiharibu hospitali ya Kilembe, yakalirudia onyo hilo. Wazee walitusihi tuupandishe mnara kilimani, nasi tukaahirisha mwaka baada ya mwaka kwa kuogopa gharama. Kosa hilo ni la kamati, wala hatumsingizii mtu.

Sasa ukoo mmoja umetupa kiwanja juu ya kilima, na makubaliano yameandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka na huzuiwa na milima, kwa hiyo tukirusha matangazo kutoka juu tutavifikia hata vijiji vilivyojificha nyuma ya miteremko, ambavyo kwa miaka yote vimetusikia kwa mikwaruzo. Kilima nacho kina madai yake: vyuma vipandishwe kwa mabega, umeme uvutwe kutoka chini, na waya wa shaba wa kukinga radi uzikwe kwa kina. Tunahitaji pia idhini ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda kabla ya kurusha matangazo kutoka mahali papya, pamoja na kibali cha wasimamizi wa usafiri wa anga, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Kasese hauko mbali. Zege huachwa siku 28 likomae kabla ya kufungiwa nyaya. Tusipolimwaga mwezi Juni, mvua za Agosti zitatukuta tungali na filimbi.

Hatuwaombi kama wageni. Shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, akina mama wa soko ndio waliochanga mafuta ya jenereta ili masomo ya watoto yasikatike hewani. Kwa heshima hiyo hiyo tunawakumbusha waliotangaziwa misiba, harusi na ng'ombe waliopotea bila kulipa hata shilingi, na wagombea ambao studio yetu iliwapokea wakati wa kampeni: bado tunayasubiri majina yenu katika daftari.

Kila mchango utaandikiwa risiti, fedha zitatolewa benki kwa saini tatu, na hesabu zitasomwa hadharani kanisani na msikitini kila mwisho wa mwezi.

Harambee itafanyika Jumapili ya mwisho ya Mei, baada ya ibada, katika ua wa studio. Anayeweza kutoa mfuko wa saruji autoe, na anayeweza nondo moja asione haya kuileta. Asiye na fedha aje Jumamosi inayofuata, saa moja asubuhi, chini ya kilima, akiwa na karai lake, kwani kokoto zimekwisha kufika na gari haliwezi kuzipandisha.