Goti limenyooka, unyayo bado

Langoni, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, alhamdulillahi, ila kusi imeshika na bahari imechafuka.

Nimesikia umekubali kubadilishiwa goti. Nimefurahi sana. Lakini kuna jambo ambalo mimi sikuelezwa kabla ya kulazwa kule Mombasa, nami sitaki likukute hujui. Si la goti, ni la unyayo.

Wajua matege yangu, mguu wa kulia hasa. Mguu ukishapinda vile, uzito wa mwili haupiti tena katikati ya goti. Hulemea upande wa ndani, na upande huo ndio uliolika gegedu mpaka mfupa ukawa wasaga mfupa. Basi miaka yote hiyo unyayo nao ulikuwa ukijilaza kwa ndani ili upate kukanyaga chini vizuri. Daktari akakata ncha za mifupa, akaweka chuma juu na chini na plastiki katikati, na mguu ukanyooka kutoka nyonga hadi kifundo. Unyayo ukabaki na mazoea yake.

Siku ya pili tu nilisimamishwa na kile kigongo cha miguu minne, nikaambiwa nikanyage, goti litabeba. Kweli lilibeba. Wiki ya sita, nilipoanza kutoka peke yangu, kifundo kikaniuma upande wa ndani, tena sana. Nilidhani goti limeharibika, nikakesha nikilia.

Asubuhi moja nimetoka kutia udhu, nikageuka nikaona alama za miguu yangu kwenye saruji. Wa kushoto una lile pengo la katikati, kisigino huku na vidole kule. Wa kulia ni bapa lote, hauna pengo hata kidogo.

Nikamwambia yule kijana wa mazoezi ya viungo. Akaleta mizani mbili, akaziweka sambamba, akanisimamisha mguu huku na mguu huku, nitazame ukutani. Kushoto kilo 41, kulia 26. Nami ningeapa nimesimama sawa! Maumivu ya miaka yalikuwa yamenifunza kuukimbia mguu ule, na maumivu yalipokwisha mwili haukuacha kuukimbia.

Tangu hapo ni mazoezi kila siku: kukunja taulo kwa vidole vya mguu, kuinua visigino nimeshika ukuta, na kurudi kwenye mizani mpaka pande zikaribiane. Ngazi napanda kwa mguu mzima kwanza, nashuka kwa ule uliopasuliwa kwanza, na wajua ngazi za nyumba zetu zilivyo wima. Kandambili nimekatazwa. Navaa viatu vya kufunga, vyenye kisigino kigumu na kipande cha kuinua unyayo kwa ndani. Punda wenye mizigo wakija kichochoroni, najibana kwenye daka la mlango wa mtu mpaka wapite. Swala bado nasali kitini, na hilo ndilo lanihuzunisha zaidi.

Sasa ni mwezi wa tano tangu nipasuliwe. Juzi mizani ilisoma 35 na 32, na kwenye saruji pengo limeanza kuonekana, jembamba.

Kwa hiyo, shoga yangu, ukienda kwa daktari mwombe akutazame umesimama miguu mitupu, akutazame kwa nyuma, avione visigino vyako. Kama kifundo chako kimekaza, mwambie kabla ya upasuaji. Na baadaye shavu la mguu likivimba na kuuma, usingoje kesho, nenda hospitali, huenda ni damu imeganda.

Nijulishe siku ya kulazwa. Ukirudi Malindi nitakuja nikae nawe wiki mbili, nikupikie na nikuhesabie mazoezi. Na yale makubadhi yako ya zamani usiyatupe, nenda nayo, daktari aone soli zimelika upande gani.

Nisalimie watoto wote.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Langoni